Kadi Aliyoikariri Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu pindo likishapita mikononi mwake halikuachia, hata gauni lenyewe likichakaa likaishia kuwa tambara la kupigia deki. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani palipo na mwanga, na kwa cherehani hiyo aliwalea watoto wake baada ya Mungu kumchukua baba yao. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa huko mbali. Nyumbani akabaki yeye na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye maneno ya kuchoma na moyo laini kama pamba.

Hayo kijiji kizima kiliyajua. Lililofichwa ni moja. Kila asubuhi, kabla mteja hajapiga hodi, wifi alikaa barazani akatunga nyuzi kwenye sindano, nyeupe, nyeusi na ile ya bluu ya sare za shule, akazichomeka kwa mstari kwenye kimto kidogo. Kisha akatunga na sindano ya cherehani. Uzi ukikatika wifi akiwa shambani, Mama Pindo alijinyoosha na kusema, "Ngoja nipumzishe mgongo kidogo." Mteja naye akausubiri mgongo huo mpaka wifi arudi.

Vitu vya mbali aliviona vizuri tu. Mtu akitokeza kwenye kona ya barabara alimjua kwa mwendo. Ila cha karibu, kama tundu la sindano au maneno ya kitabu, kilikuwa ukungu mtupu. Kanisani alikishika kitabu cha nyimbo kwa heshima zote, akafunua pale wenzake walipofunua, akaimba beti zote bila kukosea. Zilikuwa kichwani.

"Wifi, iko siku utashona shati na mwenye shati humohumo," wifi alimtania.

"Nitamshona mdomo kwanza, na huyo mwenye shati atakuwa wewe," Mama Pindo alijibu, wakacheka. Lakini kicheko chake hakikufika mbali. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, kwa sindano kumkimbia, na alimaliza miaka yake ya mwisho akishikwa mkono kwenda hata chooni. Mama Pindo ndiye aliyemshika. Hakupenda kuyasema hayo, ila kila aliponyoosha uzi na tundu likahama, alimwona mama yake.

Kisha habari mbili zikaja pamoja. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba wanafunzi wa chuo cha macho wamejitolea likizo yao, watakuja kupima watu na kugawa miwani bure katika shule ya msingi, siku moja tu, halafu watakwenda vijiji vingine. Na mwana wa wifi akatuma ujumbe: mkewe amejifungua, mama aje akae nao, huenda mpaka mtoto atembee.

"Nitaondoka asubuhi yake baada ya hao wanafunzi," wifi alisema. "Kwa hiyo, wewe, nenda ukapimwe. Mimi sitakuwapo wa kukutungia."

"Nitakwenda."

"Uende kweli, si uende mpaka kwenye kona urudi."

Alikwenda kweli. Wanafunzi walikuwa wamepanga madawati darasani, wana adabu, wanamwamkia kila mtu. Meza aliyopangiwa Mama Pindo ilikuwa ya binti mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye watu walikwishambatiza Daktari Mdogo. Kila aliyekaa mbele yake alipewa kadi ile ile, akaisoma kwa sauti. Herufi za mstari wa juu zilikuwa kubwa, za kati ndogo, za chini kama chawa.

Foleni ilipita nje, chini ya dirisha lisilo na kioo. Kila neno lilisikika.

"Mama amenunua mayai sokoni," alisoma muuza mkaa. "Baba amefunga mbuzi kwenye..." Akakwama. Akapewa miwani.

"Mama amenunua mayai sokoni," alisoma mkunga. "Baba amefunga mbuzi kwenye mti. Ndege mdogo ametua juu ya paa la shule." Huyo akaambiwa macho yake mazima, aende na amani.

Mama Pindo alisimama pale dirishani akisogea taratibu. Hakukusudia ubaya wowote. Lakini mtu aliyezoea kushika nyimbo kwa masikio hawezi kuyazuia masikio yake, na lile neno, macho yako mazima, lilimwingia kama maji ya baridi siku ya jua kali. Alilitaka neno hilo. Alilitaka kuliko miwani. Foleni ilipomfikisha mlangoni, mayai, mbuzi na ndege vilikuwa vimekwishatulia kichwani kama ubeti.

Akakaa. Akapewa kadi. Aliona karatasi nyeupe yenye moshi. Akafungua kinywa na kuisoma yote, bila kukwama, karibu aimbe.

Daktari Mdogo alipiga makofi. "Jamani mama! Hata mimi sisomi haraka hivyo. Na unashona kutwa? Macho yako mazima kabisa."

Watu wa foleni wakamshangilia. Mama Pindo akatoka akiwa amebeba sifa mkononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Nyumbani wifi alikuwa anafunga mzigo wa safari. "Miwani iko wapi?"

"Wamesema macho yangu mazima."

Wifi aliacha kufunga. Akachomoa sindano tupu kwenye kimto, akakata uzi mweusi, akampa. "Haya, mwenye macho mazima. Tunga."

Mama Pindo alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akaichoma hewani. Akachoma tena, ikapita pembeni. Mara ya tatu alijidunga kidole. Wifi alitaka kucheka, akaona machozi, akaacha.

"Nilikariri, wifi."

"Ulikariri nini?"

"Mayai, mbuzi, ndege juu ya paa. Vyote. Nilivisikia dirishani."

"Mungu wangu," wifi alisema, akaketi juu ya mzigo wake. "Mwanamke umedanganya watu waje wakunyime kitu cha bure!"

"Naogopa. Mama yangu alianza hivi. Wakinichungulia waniambie ndiyo njia ileile, nitafanyaje? Nani atanishika mkono?"

Wifi aliushika ule mkono uliodungwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama yako alipata kupimwa?"

"Na nani? Wakati ule hakukuwa na mtu."

"Basi leo yuko mtu. Simama. Mizigo ya wale wanafunzi naiona kule shuleni inatolewa nje."

Mama Pindo alisema sala fupi, "Bwana, nipe mdomo wa kusema kweli," akajifunga kanga kiunoni na kutoka mbio, sindano na uzi bado mkononi.

Wanafunzi walikuwa wanapakia maboksi kwenye gari. Mzee wa kanisa na majirani walikuwa wamesimama wakiwaaga. Daktari Mdogo alipomwona alitabasamu. "Mama wa macho mazima! Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Ile kadi sikuisoma. Niliisikia dirishani nikaishika. Sioni hata tundu la sindano hii."

Binti alimtazama, akaitazama sindano, akaweka mkono mdomoni. "Na mimi kutwa nzima nimetumia kadi moja," alisema, "halafu dirisha wazi!" Akacheka kwa kujicheka mwenyewe, akamshika Mama Pindo mkono, akamwita mwalimu wao wa chuo aliyekuja nao.

Mwalimu alimkalisha kwenye ngazi ya darasa, akamuuliza habari za mama yake, akamulika jicho moja, kisha la pili. Mama Pindo alishikilia pindo la gauni lake mpaka vidole vikauma.

"Mama, ugonjwa siuoni hapa," mwalimu alisema. "Macho ya karibu yamechoka kwa umri, kama yangu haya. Lakini kwa sababu ya historia ya mama yako, uwe unakwenda hospitali kubwa kuangaliwa kila mwaka, hata ukiona vizuri. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema, na machozi yaliyotoka safari hii hakuyafuta.

Boksi likashushwa. Kadi haikuwa na maana tena, maana aliijua yote, kwa hiyo Daktari Mdogo alimpimia kwa sindano. Miwani ya kwanza, uzi ukapita pembeni. Nyingine, ukagusa. Ikaja moja nzito nyeusi, ya kiume, na tundu likafunguka mbele yake kama mlango. Uzi ukaingia. Majirani wakapiga vigelegele.

Mzee wa kanisa akasogea kumpa mkono. Mama Pindo akamtazama shingoni, akasita. "Mzee, shati hilo nani alikushonea?"

"Wewe, mwaka huu huu."

"Upande mmoja wa kola mrefu kuliko mwingine! Na umekuwa ukilivaa mpaka madhabahuni?"

"Linanitosha vizuri," mzee alisema taratibu. "Mke wangu alisema tusikwambie, usije ukaumia moyo."

Kwa hiyo walijua. Waliendelea kumletea vitambaa, wakavaa kola za upande upande, na hakuna aliyefungua mdomo. Mama Pindo aliwakumbatia wanafunzi mmoja mmoja. Alipomfikia Daktari Mdogo alikuta kifungo chake kinaning'inia, akakikaza palepale kwa uzi mweusi uliokuwa mkononi.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo barazani. Wifi alikuwa amekwishavaa gauni la safari kulijaribu, lile aliloshonewa na Mama Pindo aende nalo kumwona mjukuu.

Mama Pindo alisimama mlangoni na miwani yake ya kiume, akamtazama kuanzia mabegani mpaka chini.

"Vua gauni hilo."

"Lina nini?"

"Vua, wifi. Watu wasije wakauliza nani kakushonea pindo hilo."

Akavuta kiti, akachukua sindano tupu kwenye kimto, akaitunga mwenyewe.