Posa Yangu na Penalti ya Mwisho

Mwanangu, sogea hapa, na hiyo jezi ivue kwanza, inanuka. Mkeo kanipigia simu kutoka Tunduma analia. Tangu timu yenu itolewe kwenye mtoano, chakula chake hukigusi, salamu yake huitikii. Sasa umekuja kununia kwangu. Haya. Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, na baba yako anayejifanya kusinzia pale anaikumbuka kunishinda.

Nilikuwa msichana, hapa hapa Mbozi, msimu wa kuchuma kahawa. Tulikuwa tunangoja wageni wa posa. Jogoo kashachinjwa, ugali nimeusonga mwenyewe shangazi akinisimamia, kisha nikaambiwa nijifiche jikoni. Baba yangu hakuwa mtu wa mchezo. Kijana asiyejua kuingia kwenye mji wa watu alirudishwa alikotoka, na wapo waliokwisha kurudishwa. Ila huyu wa siku hiyo, baba yako, nilimpenda. Naye akirudishwa, nilijua nitazeekea jikoni mle.

Desturi unaijua: waleta posa huja na nyuso za kicheko, mshenga mbele, anatania tangu njiani. Lakini siku hiyohiyo timu ya kata yao ilikuwa inacheza mtoano wa kupanda daraja, na mshenga, mjomba wake baba yako, akasema wapitie uwanjani kwanza. Eti waje na furaha mbili!

Nikachungulia dirishani. Maskini weee! Wanakuja kwa mstari, kimya, vichwa chini, mikono nyuma. Mshenga macho mekundu. Hata hodi hawakupiga. Walikaa chini kwenye vumbi kama waleta habari ya msiba, na viti tumewapangia.

Shangazi alipowaona hivyo hakuuliza. Alijifunga kanga kiunoni akaangua kilio. Na kilio huku kwetu hakiulizwi, kinaendewa. Wachumaji walitupa vikapu shambani wakaja mbio. Kufumba na kufumbua, uwanja wa nyumba yetu umejaa: huyu kaleta kuni, yule kaleta unga, wanakwaya wameshaanzisha wimbo wa maziko, na kwa sauti nzuri sana, lazima niseme. Jirani yetu mmoja alikuwa anagaagaa chini, wala hajui nani kafa.

Baba akamwinamia yule kijana. "Pole sana, mwanangu. Tumempoteza nani?"

Baba yako akapangusa kamasi. "Hajafa mtu, mzee. Timu yetu imetolewa. Penalti ya mwisho imegonga mwamba."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Aliyeleta unga akaubeba unga wake. Mimi jikoni nikajisemea, basi, nimekwisha.

Baba alimtazama weee, mpaka nikaona anatafuta fimbo. Kisha akasema, "Kijana, asiyekubali kushindwa si mshindani. Binti yangu kapika tangu asubuhi, wewe unakuja kumlilia mwamba! Sikufukuzi, maana anayelia hivi ana moyo. Ila nakupa sharti, na ulishike mpaka uzeeni. Timu ikifungwa, kula kwanza. Kununa baadaye."

Akala. Machozi yanadondokea kwenye mchuzi, lakini akala, na mshenga naye akala. Hata yule wa unga alirudi aliposikia harufu ya jogoo. Jua linazama, posa imepokelewa.

Tangu hapo timu yake haijapanda daraja. Wanasema subira huvuta heri, lakini hiyo ya kwao nadhani kamba ilikatika zamani. Kila mwaka mtoano, kila mwaka kilio. Na kila mwaka baba yako hukaa mezani, akamaliza nilichompikia, ndipo akatoka kwenda kununa peke yake kwenye mibuni. Hajawahi kunirudishia sahani. Nampenda kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Kwa hiyo, mwanangu, timu yako ipende, na ikibidi lia, sikukatazi. Lakini wale wachezaji hawajui hata jina lako. Anayelijua kakaa Tunduma na sufuria imepoa. Usimnunie kwa penalti ambayo hakuipiga yeye. Hasira hasara. Hapa sikupikii kitu, hata ukinitazama hivyo. Kapande gari urudi kwako, umwombe mkeo radhi, na ule kwanza. Mungu aibariki nyumba yako, awape watoto na kicheko, na akibakiwa na nafasi, mwakani aiangalie na hiyo timu yenu.

Umesikia? Baba yako kaitikia amina, na macho kayafumba.