Siku Wifi Alipovaa Kopo la Aiskrimu

Niliondoka nyumbani kwangu Guildford kwa sababu moja tu: nilitaka kumkimbia wifi yangu.

Wifi Mwanahawa, dada mkubwa wa mume wangu Hamisi, alikuwa amekuja Sydney kututembelea kutoka Tanga. Huko kwao ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya wasichana, na hata sebuleni kwetu alitembea kama yuko zamu. Nikipika, anafunua sufuria, anatazama, anasema, "Mh." Nikikunja nguo, "Mh." Hakunitukana wala hakunisema vibaya. Ni ile "Mh" tu, nami nikawa nasugua jiko lililokwisha kung'aa. Ilipofika Jumatatu ya mapumziko, na Hamisi ana zamu maabara, nikaona hapa dawa ni barabara.

Mchezo wangu ni gofu ya visahani. Unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Anayefika kwa mitupo michache ndiye bingwa. Wenzangu wa ofisini Parramatta ndio walioniambukiza. Mmoja wao aliniambia kwamba shangazi yake, mama mmoja mkulima aitwaye Doreen, ana uwanja mzima shambani kwake ng'ambo ya milima, ila umetelekezwa na nyasi zimeumeza. Nikampigia simu yule mama. Akacheka sana. "Njoo tu," akasema. "Ukipotea humo, piga kelele."

Asubuhi nilipotoka na begi langu la visahani, nilimkuta wifi amesimama kando ya gari. Kavaa baibui, ushungi umebanwa kwa pini, raba mpya nyeupe miguuni, na mkononi ana kikapu cha maandazi.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Sema tunakwenda wapi," akanijibu. "Sikukaa kwenye ndege usiku na mchana nije kutazama mashine ya kufulia ikizunguka."

Nikamfungulia mlango.

Tulipita Penrith. Tulipoanza kupanda Milima ya Bluu, wifi alitoa kichwa dirishani, akasema milima yenyewe ni ya kijani kama Usambara, hao walioiita ya bluu walikuwa na haraka. Kisha tukafika mahali bonde linapofunguka, na kule mbali kabisa kilima juu ya kilima vikawa bluu tupu, kama nguo iliyotiwa nili. "Mh," akasema, na kwa mara ya kwanza ile "Mh" haikunichoma.

Baada ya Lithgow, nyumba zikawa chache na malisho yakatanda. Ghafla wifi akanishika bega: "Simama! Simama!" Nikakanyaga breki. Kando ya uzio alisimama kangaruu dume, mrefu kama mtu, anajikuna tumbo taratibu, anatutazama kama tumemchelewesha.

"Picha zote nilizoona," wifi akanong'ona, "hakuna hata moja iliyoniambia anajikuna kama mjomba Salehe baada ya pilau." Akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yakaanza kutikisika. Nikashtuka kugundua kwamba anacheka.

Shambani, Doreen alitupokea amevaa viatu vya mpira hadi magotini na kofia iliyochakaa ukingo. Alituonyesha mlima mdogo nyuma ya zizi. Marehemu mumewe ndiye aliyeutengeneza uwanja ule kwa mikono yake, akitumia minyororo ya matrekta mabovu. Tangu alipofariki, hakuna aliyecheza.

"Vikapu ni tisa," alisema. "Vinane mtavipata mkiwa na bidii. Cha tisa nimekitafuta mwenyewe nikashindwa. Miiba imekimeza. Haya, nyoka mnawaogopa?"

Wifi hakukishika Kiingereza cha shambani cha Doreen, nikamtafsiria. Akauliza nyoka gani. Nikamwambia ni afadhali asijue.

"Kanyageni kwa kishindo, watawapisha," Doreen akasema. "Wa kuogopa ni ndege." Akaingia ndani, akatoka na makopo mawili ya aiskrimu, matupu, yamechorwa macho makubwa kwa kalamu ya wino. Alieleza kwamba majira haya kuna ndege weusi kwa weupe wanaolinda makinda yao, nao hushambulia kichwa cha mtu kwa nyuma. Ukivaa kopo, macho yakatazama kisogoni, ndege anadhani unamwona.

Wifi aliligeuzageuza lile kopo. "Mimi nina shahada mbili," akaniambia kwa Kiswahili, akimtabasamia Doreen kwa adabu. "Sivai kopo."

Tulipofika penye kikapu cha kwanza, nyasi zikitufika kiunoni, kitu kilipita juu yetu fyuu! na ushungi wa wifi ukaruka upande.

"Lete kopo!"

Basi mnipe ruhusa niwaeleze nilichokiona. Mwalimu wa nidhamu, anayetetemesha shule nzima, kavaa baibui na kopo la aiskrimu lenye macho nyuma, anapita kwenye nyasi akipiga miguu kama yuko gwaride, anawafokea nyoka: "Kushoto, kulia! Wote madarasani! Sitaki kumwona mtu nje!" Nililala chini kwa kucheka, nyoka au si nyoka.

Mtupo wake wa kwanza ulirudi nyuma ukagonga gari letu. Wa pili ukampata ng'ombe, ambaye hata hakuacha kutafuna. Lakini kufikia kikapu cha nne kisahani kilianza kumtii, kikawa kinatoka mkononi mwake kimenyooka. Nikamuuliza kajifunza wapi. Akakunja kiwiko, akachezesha kiganja.

"Chaki," akasema. "Anayesinzia nyuma ya darasa, nampata katikati ya paji la uso, na bado naandika ubaoni."

Penye kikapu cha sita tulikaa juu ya gogo tukala maandazi. Nilikuwa bado nafuta machozi ya kicheko aliposema, bila kunitazama, "Wifi, mama alinituma."

"Kufanya nini?"

"Kukuuliza. Habari ya mtoto. Ndoa ina miaka sasa, anataka kujua kuna nini, na tatizo liko kwa nani kati yenu."

Nikalirudisha andazi kikapuni. Mimi na Hamisi tumeshakaa mbele ya madaktari zaidi ya mara moja, na tumeshalia, na hakuna mtu tuliyemwambia.

"Kila siku najaribu," akaendelea. "Nakuja jikoni, nafungua mdomo, inatoka 'Mh' tu. Utaanzaje kumuuliza mtu jambo kama hilo, na amekupikia wali wa nazi?"

Kumbe! Siku zote zile, nikidhani ananipima chumvi, alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Hilo ni la mimi na Hamisi, wifi," nikasema pole pole. "Lakini linauma."

Akanishika mkono, akaubana. "Basi mimi sikuuliza, na wewe hukunijibu." Akasimama, akaweka kopo lake sawa. "Twende. Umeshanizidi mitupo mingi mno, naona aibu kwa niaba yako."

Mwisho wa uwanja tulikuta ukuta wa miiba mrefu kuliko sisi. Kikapu hakuna. Nikasema tuhesabu vinane tuondoke. Wifi akasema mwanafunzi haruki swali la mwisho. Akarudi nyuma, akakunja kiwiko, akarusha. Kisahani kikapinda kikazama katikati ya miiba.

Chwaaa!

Minyororo! Tulitazamana. Kisha tukaanza kupiga vigelegele, na huku tunaruka, tukamwona Doreen anateremka kilima mbio, kofia imemdondoka. "Nimeisikia!" alipiga kelele. "Nimeisikia kutoka jikoni!" Alitukumbatia wote wawili, makopo yakagongana. Alileta makasi makubwa ya miti, tukakata miiba sisi watatu hadi kikapu kikaonekana, kimeinama kidogo, na kisahani cha wifi ndani yake. Doreen akataka kujaribu. Alisimama karibu kabisa, akarusha, akakosa, akatoa neno zito.

"Amesema nini?" wifi akauliza.

"Amemshukuru Mungu," nikamjibu.

Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Lithgow, simu ya wifi iliita. Alikuwa mama mkwe, sauti ikijaa gari zima: "Mwanahawa, umeshamuuliza?"

"Mama, nisikilize kwanza. Nimekipata kikapu kilichopotea kwa mtupo mmoja! Kwenye miiba, mama! Na kopo kichwani!"

"Kopo gani? Mwanahawa, unaumwa?"

Wifi akaanza kusimulia tangu kangaruu, hakumpa mama nafasi ya kupumua, mpaka milima ikakata mtandao.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba mtu anaweza kukaa nawe nyumba moja akiwa na neno zito mdomoni, na ukimya wake ukawa ni huruma wewe ukaudhania dharau. Wakati mwingine inabidi mvae makopo ndipo mfahamiane.

Tulipofika Guildford jua lilikuwa linazama, huko Tanga adhuhuri haijafika. Mama mkwe akapiga tena. Safari hii wifi alinikabidhi simu mimi. Nikaipokea, nikaiweka sikioni.

"Mwanangu," mama akasema. "Hicho kisahani ni kizito? Yaani mtu wa umri wangu, anaweza kukirusha?"