Mchezaji wa Sita wa Chuo cha Juu

Nilikulia katikati ya vyuo viwili vya ualimu vilivyokuwa katika wilaya moja na havikupatana hata siku moja. Kimoja kilikuwa mlimani, kingine bondeni, nasi tuliviita Juu na Chini. Mama alikuwa mpishi wa Juu. Vilipokutana kwa voliboli kila mwaka, hata maduka yalifungwa. Inasemekana uhasama ulianza pale Chini walipoazima wavu wa Juu wasiurudishe. Sijui kama ni kweli. Ninachokumbuka ni mashabiki wetu wakiimba, "Wezi wa wavu!" na wale wa bondeni wakijibu, "Mlishindwa kuulinda!" Furaha ile nimeitafuta Mombasa, Juba, Doha na sasa Dubai. Sijaipata.

Mimi sikufika chuo. Nilimaliza kidato cha nne, karo ikaishia hapo.

Hapa Dubai niliwakuta waliosoma vyuo vile wamenitangulia: walimu wenye vyeti ambao hawakuajiriwa kufundisha, sasa ni walinzi, wahudumu na madereva. Mara moja kwa mwaka, joto likipungua, walicheza kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya maghala ya Al Qusais, Juu na Chini, kama nyumbani. Mimi nilibeba maji na kuhesabu pointi. Na kila mwaka nilimwomba nahodha wa Juu, bawabu wa hoteli moja kule Al Barsha, anipe nafasi.

"Kaka, wewe ni wetu," alikuwa akinijibu. "Lakini hukusoma kwetu."

Watu wakapungua. Huyu mkataba umeisha, yule kahamia Saudia, mwingine alienda nyumbani kumzika baba yake na hakuonekana tena. Mwaka huu Juu walibaki watano. Nahodha akanipigia simu mwenyewe.

"Njoo na raba."

Nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikavaa jezi ya njano kwa mara ya kwanza. Ilinibana tumbo. Sikujali. Nikaenda kusimama kona ya nyuma, kushoto, nikapiga makofi kama nilivyowaona wachezaji wakifanya nilipokuwa mtoto.

Nahodha wa Chini akainama, akapita chini ya wavu, akaja kunitazama.

"Huyu alimaliza mwaka gani?"

"Mama yake ndiye aliyetupikia," nahodha wetu akasema.

"Ala, mpishi! Basi ngoja nami nimpigie yule aliyekuwa akitukatia nyasi."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja wetu naye alicheka.

"Buda, si ni mechi ya kirafiki tu?" nahodha wetu akamwambia.

"Tangu lini? Lini Juu na Chini wakacheza kirafiki?"

Ningekuwa upande wa Chini, ningesema vivyo hivyo. Nikangoja nahodha wetu atie neno moja zaidi, moja tu. Aliutazama mchanga, halafu akanisogelea.

"Kaka, vua jezi. Shika filimbi."

Wakacheza watano kwa sita. Chini hawakukawia kuliona pengo. Mpira baada ya mpira wakaupeleka kona ya nyuma, kushoto, na watu wetu wakajirusha, wakachelewa, wakala mchanga.

"Mwalimu, huko kwenu kumehamwa?" wakawa wanapiga kelele.

Mipira mingine hata mimi nisingeifikia, na magoti yangu haya. Mingine ningeifikia.

Wakati wa mapumziko, nahodha aliniambia, macho yake kwenye chupa ya maji, kwamba kampuni haimwongezei mkataba. Anaondoka mwezi ujao.

"Na timu?"

"Timu gani, kaka? Khalas, imekwisha."

Kwenye seti ya mwisho mpira mmoja ulipaa juu, ukashuka taratibu kuelekea kona ile ile, na hakuna aliyejisumbua kuukimbilia. Ukaanguka ndani ya mstari kabisa. Wote wakanigeukia. Nikapuliza filimbi, nikanyoosha mkono upande wa Chini: pointi yao.