Mifupa ya Mkwezi

Enzi zetu kule Msambweni, mtoto wa kiume alipapaswa kama mbuzi wa Idi. Hakuna aliyekuuliza unataka kuwa nani ukikua. Mvuvi alimtazama mwanawe kifua, mwashi alimtazama wake mikono, na baba yangu, aliyekuwa mkwezi wa minazi, alitazama viungo. "Mnazi haukwewi kwa nguvu," alikuwa akisema huku anatafuna muhogo. "Mnazi unakwewa kwa viungo." Nyinyi wenzangu tuliokula vumbi moja mnazijua kauli hizi, maana kila mzee alikuwa na yake, na kila mmoja aliisema kana kwamba imeshuka mbinguni.

Baba alikwea shamba lolote lililomwita, kuanzia kwetu mpaka karibu na miwa ya Ramisi. Alikuwa mfupi, mkavu, mitulinga imemtokeza hata ungeweza kutilia maji katika vishimo vyake na kuku akanywa. Nyayo zake zilijikunja kama viganja. Akishafika juu, sisi wa chini tuliona visigino viwili vyeupe tu, kisha nazi zikaanza kudunda na mama akatupigia kelele tusogee. Alipotelemka alinuka jasho na makuti mabichi. Nimepita hoteli nyingi za Diani tangu siku hizo, na sijakutana na manukato yanayoifikia harufu ile.

Tulikuwa wana wawili wa kiume: mimi Hamisi, na mdogo wangu Mwinyi. Asubuhi moja ya likizo, tumeshakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa mihogo ya kuchemsha, baba akatuita uani. Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, akaacha kukuna ili atazame.

Baba alianza na mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Vidole vyake vikavu vilipita juu ya mtulinga, vikalizunguka bega, vikanikunja na kunikunjua kiwiko. Akanigeuza, akalibonyeza kombe la bega. "Hapa pazuri," akasema, na moyo wangu ukapanda. Akanishika nyonga, akalizungusha paja ndani na nje kama fundi anayejaribu bawaba ya mlango. Akakigonga kilegesambwa cha goti kwa ukucha. "Pazuri." Mimi nilikuwa tayari nimeshajiona kileleni, panga kiunoni, dunia yote chini ya miguu yangu.

"Haya, chuchumaa," akaniambia. "Kisigino kisinyanyuke."

Nikachuchumaa, nikaanguka chali. Nikajaribu tena, nikaanguka tena, safari hii nikamlalia kuku. Vifundo vyangu vya miguu vilikuwa vigumu, havikunjiki. Mpaka leo siwezi kuchuchumaa bila kushikilia kitu, na mliosoma nami mnakumbuka masaibu yaliyonipata kwenye vyoo vya shule.

Akaitwa Mwinyi. Akachuchumaa kama chura, visigino chini, magoti yamefika makwapani, akaokota kijiti akaanza kuchora mchangani. Angekaa vile mpaka adhuhuri. Baba akacheka, na baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

"Huyu ana mifupa ya mkwezi," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe utasoma."

Najua mtoto wa leo akiambiwa hivyo mzazi wake hupiga picha akawatumia jamaa wote kwenye simu. Mimi nililia nyuma ya banda la kuku.

Tangu siku ile nikawa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa kitoto. Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, waliondoka pamoja, baba mbele, Mwinyi nyuma yake na kipanga kidogo alichonolewa mahususi. Mimi nilibaki na daftari. Alasiri waliporudi, mama alipasha mafuta ya nazi kwenye kijisufuria, na baba akamweka Mwinyi katikati ya miguu yake akamkanda. Alimkanda mabega, akashuka mgongoni, akapita kwenye muundi wa mguu taratibu kama anayelainisha ngozi ya ngoma, akamaliza kwa kumvuta vidole vya miguu kimoja kimoja: ka! ka! ka! Mimi nilikuwa kwenye mkeka uleule, kitabu mbele yangu. Nilisoma ukurasa mmoja mpaka jua likatua, na kama ungeniuliza umeandikwa nini nisingekuwa na jibu.

Na walizungumza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mnazi ulioinama, mnazi wenye nyuki, mnazi wa mke wa imamu ambao vidato vyake vya kukwelea vimeoza. Siku moja nikauliza, "Mnazi gani huo wenye nyuki?"

"Ah, wewe huujui," Mwinyi akajibu, na baba akatabasamu tu, akaendelea kukanda. Mtoto wa miaka minane ananiambia siujui mnazi wa kijiji chetu!

Hata chuoni hakunipa nafasi. Alikuwa akikunja kidole gumba mpaka kikagusa kigasha cha mkono, akifumba viganja nyuma ya mgongo kama anayeomba dua kinyume, na watoto wote wakaacha juzuu kumtazama, mpaka mwalimu akamtoa nje. Mimi nilihifadhi sura nzima bila kukosea na hakuna aliyegeuka. Nikaanza kujifanyia mazoezi kwa siri. Nilishika mpapai nyuma ya nyumba, nikachuchumaa, nikajilazimisha visigino vishuke mpaka machozi yakanitoka. Mama akanikuta hapo.

"Hamisi mwanangu," akasema, "kiungo ni riziki, hakilazimishwi." Akanikatia kipande cha mkate wa sinia, upande wa pembeni ulioiva sana, ule niupendao. Nikaula, wivu ukabaki palepale.

Kisha Mwinyi akaanguka. Ilikuwa mwisho wa masika, magome yamelowa na kuota ukungu, na baba hakutaka kukwea. Lakini palikuwa na harusi kwa jirani, na harusi ya pwani haipiki wali bila tui. Siku hiyo nami niliruhusiwa kwenda, nikabebe nazi. Nilimwona Mwinyi akipanda, mguu mmoja ukateleza, akabaki ananing'inia kwa mkono wa kulia. Hakuwa juu sana. Nilisikia sauti ndogo kama ya kijiti kinachochomoka, kisha akaachia, akaangukia rundo la makuti. Tulipomfikia, bega lake lilikuwa na pembe ambapo halipaswi kuwa na pembe. Mfupa wa mkono ulikuwa umetoka mahali pake. Baba hakuthubutu kuligusa. Alimbeba akakimbia naye hospitali, nami nyuma yao nimeshika mapanga ya watu wawili, nalia.

Bega lilirudishwa, Mwinyi akarudi nyumbani mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa cheupe. Mnafikiri wivu wangu uliisha? Alipikiwa supu ya pweza kila siku. Kuku niliyemlalia siku ile akachinjwa kwa ajili yake. Majirani walikuja na ndizi, shangazi zetu wakamshika kidevu, "Pole babu, pole kipenzi." Nilikitazama kile kitambaa cheupe jinsi watoto wengine wanavyotazama baiskeli mpya.

Baba ndiye aliyebadilika. Alitundika panga ukutani, akawa anaketi peke yake kibarazani. Mama alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba hakuna mwanawe atakayekwea tena. Nami, Mungu anisamehe, niliona mlango umefunguka. Nikamwendea.

"Baba, sasa nifundishe mimi."

"Nikufundishe nini?"

"Kukwea. Vifundo vyangu vimelegea. Tazama." Nikachuchumaa mbele yake, nimeshikilia goti lake nisianguke.

Hakucheka. Aliniinua, akaniketisha karibu naye, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake. Akakishika kifundo, akakikunja polepole mpaka pale kinapokwamia.

"Siku ile nilipoona hiki hakikunjiki," akasema, "nilimshukuru Mwenyezi Mungu. Nilijua nina mwana mmoja ambaye sitakuwa nikimsikilizia kishindo."

"Na Mwinyi je?"

"Mwinyi angekwea tu, hata ningemkataza. Yule ni tumbili. Afadhali akwee mimi nikimwona."

Mtu mwenye akili angetulia hapo, akajua kwamba alipendwa kuliko alivyodhani. Mimi nilisikia neno moja tu: kwamba Mwinyi ndiye aliyehitaji kuonwa. Mimi wa chini, wa salama, sikuwa na haja ya macho ya baba. Nikauvuta mguu wangu, nikaenda zangu.

Bega lilipona na Mwinyi akarudi juu, mama akalalamika mpaka akachoka. Mimi nikasoma kweli. Nikapata kazi ya ofisini Kwale, kazi ya kuketi, na nimeketi mpaka nimekaribia kustaafu. Mwinyi akaenda Diani, akawa anaangua madafu hotelini na kukata makuti makavu yasiwaangukie wageni. Wazungu walimpiga picha akiwa juu. Wake za marafiki zangu walizileta nyumbani kwangu picha hizo, wakinionyesha eti, "Huyu si nduguyo?"

Baba alipozeeka na nyonga kumkataa, nilimnunulia godoro zuri na kiti cha magurudumu, nikamletea matunda kila mwisho wa wiki. Lakini alipotaka kuinuka aliita, "Mwinyi!" Mimi nikinyoosha mikono, ananiambia kwa upole, "Ngoja mwenzako. Yeye anajua pa kushika." Na ni kweli, alijua. Alimpitishia mkono chini ya kwapa, goti lake akalikinga mbele ya goti la mzee, na mzee akasimama bila kuguna. Baba alifariki akiwa ameegemea kifua cha Mwinyi. Mimi nilikuwa njiani, nipo Ukunda namhimiza kijana wa tuktuk.

Siku hizi mambo yamekuwa mengine. Hapo Ukunda vijana wanalipa pesa kunyanyua vyuma, wana mabega kama milango, lakini mwambie mmoja akuangulie dafu utamwona anatafuta upondo. Minazi yenyewe imefupishwa: wanapanda ile ya kisasa, unasimama chini unachuma kama mapera. Mwanangu akiteguka kidole anatafuta dawa kwenye simu, hakuna wa kumpashia mafuta. Na nani atampapasa mtoto leo ajue ameumbwa vipi? Mwalimu hana ruhusa, daktari anatazama kioo cha kompyuta, nasi wazazi tunarudi wameshalala. Zamani zile tulianguka, tulivunjika, wengine hawakuokoka, sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Lakini kila kiungo changu kilijulikana na mtu, hata kile kibovu.

Juzi nilimpeleka Mwinyi hospitali, magoti yamemshinda. Daktari alikuwa binti mdogo kutoka bara, mchangamfu. Akazitazama picha za mifupa, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi magoti zimechoka kabisa. Kwenu kuna mwingine alikuwa nazo hivi?"

"Alikuwa nayo baba!" Mwinyi akajibu, uso umemng'aa kama aliyeulizwa kuhusu shahada. "Hayahaya. Hata ngazi za msikiti alizishuka kinyumenyume."

Nikamwomba yule binti anitazame na mimi, maadamu nimefika. Akanikunja goti, akanikunjua, akanizungusha nyonga. Akanipiga kikofi begani.

"Wewe uko sawa, mzee. Magoti yako ni ya kijana."

Tukatoka. Mwinyi akageuka akaanza kushuka ngazi za hospitali kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, mmoja begani kwangu, anaguna na kucheka. Waliokuwa kwenye foleni wakainuka kumpisha. "Pole, mzee," wakamwambia. "Pole sana, baba." Mimi nilishuka wima, magoti yangu mazima, na hakuna aliyefikiri kunipa pole.