Mchanga Alioufagia Felista

Mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu. Felista alikua akijua hivyo, na kazi ya kutunza kiwanja cha ndege nje ya Mitundu aliifanya kwa imani hiyohiyo. Aliposikia ndege ya madaktari inakuja kumchukua binti yake Happiness, aliyeshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya tumboni, alichukua ufagio. Mitaro iliyochimbwa na magurudumu safari iliyopita akaijaza mchanga mkavu wa korongoni, akafagia mpaka pakapendeza kama nyumbani kwa harusi. Mwenyewe aliridhika, maskini.

Ndege ikashuka. Magurudumu yalipogonga pale palipopambwa, mchanga ukatawanyika, vumbi likatimka, ndege ikayumba. Rubani akaongeza moto, akapaa tena.

Hapo Felista akaelewa kosa lake. Mchanga uliotulia miaka na mikaka unabeba. Huu alioumwaga yeye, ukigongwa kwa kishindo, unakimbia pembeni na gurudumu linazama. Na mwanawe alikuwa akiugulia ndani ya gari la zahanati, huku ndege ikizunguka juu, pengine irudi ilikotoka. Hakumwuliza mtu. Akakimbia mpaka mchanga laini unapoishia, akavua kitenge, akabaki na gagulo mbele ya kijiji kizima, akakipunga kuelekea mbele: tua huko, tua huko. Aibu angeishughulikia kesho. Ndege ikampita juu ya kichwa, ikatua kwenye ardhi ngumu.

Happiness akapakiwa. Felista alipoweka mguu kwenye ngazi, rubani, kijana aitwaye Antipasi, akamzuia taratibu.

"Shikamoo, mama. Unisamehe. Sehemu ngumu iliyobaki ni fupi. Nikiwa mzito sitapaa."

"Marahaba. Mchanga ule nimeutia mimi."

"Ulitaka kutupokea vizuri, mama."

"Mama, usiniache," Happiness alilia.

Yalimkata maini. Asingeshika ule ufagio, angekuwa amekaa pale, amemshika mwanawe mkono. Akashusha mguu.

"Nenda, mwanangu. Mimi nipo."

Ndege ilikimbia, ikasita, ikanyanyuka. Felista alilia bila kujificha. Kisha akaomba ndoo ya maji, akaumwagia mchanga ule, akaanza kuushindilia kwa miguu mitupu, kama watu wanavyotengeneza uwanja wa kupuria mtama. Wanawake wakamsihi apumzike, ndege si imeshaondoka?

"Imeondoka," alisema, akiendelea kukanyaga. "Ikiwarudisha wawili, watatua wapi?"