Visiki vya Mtu wa Mashoto

Nikipita mbele ya karakana ya seremala, pale wanapopasua mninga mbichi, harufu ya unga wa mti hunipunguzia mwendo. Wengine huipenda. Mimi hunikaba. Nitawaeleza sababu, maana nimeificha habari hii miaka mingi na nimechoka kuibeba peke yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni na sukari zilipokuwa zimerudi madukani, na wafanyabiashara wa Majengo pale Sumbawanga mjini wakaanza kuleta vitu ambavyo hata majina yake hatukuwa nayo. Mmoja wao alileta trekta lenye gurudumu la chuma nyuma, gurudumu lenye meno, la kusaga visiki mpaka chini ya udongo. Kijijini kwetu, karibu na pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Muze, habari ilifika kwa kifupi: inakuja mashine ya kusaga. Asubuhi lilipowasili, jirani yetu Bibi Paulina alikuwa wa kwanza kulipokea, akiwa na debe la mahindi kichwani. Dereva, kijana wa mjini mwenye suruali ya mtumba, alimwamkia kwa adabu, kisha akamwambia, "Samahani, bibi, unga wa mashine hii hauliki." Tulicheka wiki nzima, na Bibi Paulina akicheka kutuzidi. Mama hakucheka. Aliuliza nani amelileta.

Alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Alikuwa amelikodi kwa shamba lake lililopakana na letu. Jioni akaja nyumbani na sura ya huruma.

"Shemeji, likimaliza kwangu litapita na kwako. Hutatoa kitu."

Mama akamshukuru, akasema visiki vyake havimsumbui. Alipotoka, akaniambia, "Mpaji ni Mungu. Binadamu akikupa kwa mkono mmoja, utazame ule mwingine uko wapi."

Mama alikuwa mtu wa kushuku, sitawaficha. Alishuku mizani ya kila duka, alishuku mvua iliyowahi, alishuku hata salamu ikirefuka. Lakini kwa visiki alikuwa na sababu. Shamba lile baba alilifyeka mwenyewe kabla sijazaliwa, likiwa pori la miombo na mininga. Hati hatukuwa nayo. Kwetu aliyekata mti ndiye mwenye ardhi, na kisiki ndicho shahidi wake. Na baba alikuwa mtu wa mashoto. Shoka lake liliingia mtini kwa upande ambao la mwingine haliingii, hivyo kila kisiki chake kilikuwa na mkato ulioinama kinyume na visiki vya wenzake. Mzee yeyote wa baraza angepapasa tu akajua ni kazi ya nani. Mama alinifundisha kuipapasa mikato ile. Mimi niliona visiki tu, vilivyonitoa kucha za miguu kila tulipopanda maharage kuvizunguka.

Trekta lilipokaribia mpaka wetu, Mama alitandika kanga juu ya kisiki kikubwa kuliko vyote, akaketi akachambua maharage pale mpaka jioni. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Sasa, sisi ni watu wa Sumbawanga. Jina lenyewe la mji wanasema ni amri ya kuutupa uchawi. Mjane anayelinda visiki hawezi kusalimika na midomo. Shuleni wakaniuliza mama yako amefukia nini pale. Rafiki yangu wa dawati moja akahamia dawati jingine. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nilimwonea aibu mama yangu. Hata mimi nikaanza kumshuku. Siku moja nilichimba kwa kijiti kando ya kile kisiki, nikakuta mizizi na siafu.

Kisha trekta likahamia shamba la mbali, na Mama akapumua. Mchele ulikuwa umetuishia. Akaamua kuteremka Muze na maharage yake abadilishe, alale huko. Alituambia watu wawili tu, Bibi Paulina na mimi. "Mtu akikuuliza, niko ndani, kichwa kinaniuma."

Nilikutana na baba mdogo kisimani. Hakunipa pipi wala kunitisha. Aliniuliza tu kama mama hajambo. Ningeweza kujibu hajambo na kupita.

"Amekwenda Muze, baba mdogo. Atarudi kesho."

Nilitaka visiki viishe, na maneno yaishe navyo. Mchana trekta likaja. Dereva alisita mpakani, akaniita. "Mdogo wangu, mama kasema sawa?" Nikamjibu kwa neno lake la mjini, nililokuwa nimelisikia kwake wiki ile ile na kulionea fahari.

"Poa."

Gurudumu likashuka. Vipande vilirukia mpaka kwenye nywele zangu, na harufu ya mninga ikajaa hewani kama ya mkate. Nilifurahi, na hilo pia nalisema. Jioni Bibi Paulina aliniosha kichwa mara mbili, akitoa unga wa mti kwa vidole, polepole, bila kuniuliza kitu.

Mama alirudi na mchele kichwani. Alipiga magoti shambani, akapekua takataka zile, kipande baada ya kipande, akitafuta mkato. Kisha akaja kwa Bibi Paulina. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Mama akamwambia, "Bibi, niliwaambia watu wawili tu."

Bibi Paulina alinitazama mara moja. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia Mama. "Mdomo ulinitoka."

Barazani wazee walimwambia Mama awaonyeshe alama, naye hakuwa na alama. Baba mdogo alisema walifyeka pamoja na kaka yake, akapewa nusu ya juu, ile yenye rutuba. Tangu siku hiyo Mama hakumwomba Bibi Paulina moto wala chumvi, na hata mazikoni kwake alisimama nyuma.

Mimi, kwa akili za kitoto, niliamini kweli bibi naye alikuwa amesema mahali, na nikashukuru kwamba kosa limepata mwenyewe. Nilikuja kuelewa nikiwa na binti yangu mwenyewe, siku moja nikimwosha kichwa. Bibi Paulina alijua tangu maji ya kwanza. Aliona mjane anakaribia kupoteza shamba, akakataa apoteze na mtoto siku hiyo hiyo.

Sikumwambia Mama. Alizeeka akimshuku kila mtu, na funguo za nyumba akaniachia mimi.