Sifa za Mama Kabula

Juzi lori la tumbaku liliharibika karibu na kwangu hapa Ipuli mjini, likashinda juani mpaka jioni. Ile harufu, tamu halafu inakereketa kooni, ikanifuata mpaka jikoni. Nikafunga madirisha. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi.

Nimekulia kijijini Ipole, na kwetu tumbaku ndiyo ilikuwa mwenye nyumba, sisi wapangaji. Ilikaushwa kwa moto ndani ya bani, banda lake la udongo, kisha ikachambuliwa jani kwa jani, na kwa kuchambua hakuna aliyemfikia mama yangu. Lakini watu hawakumsifia mikono, walimsifia uvumilivu. Jamani, alisifiwa mama yule! Binti akiolewa, bibi yangu mzaa baba alimuusia, "Ukamwige Mama Kabula. Umewahi kumsikia akilalamika? Mwanamke kifua!" Kabula ndiye mimi, na kila nikisikia maneno hayo nilivimba kichwa, utadhani nimesifiwa mimi.

Msimu wake wa mwisho alianza kujifunga kanga tumboni na kuikaza mpaka ikawa inamkata. Akikaa kuchambua alijikunja, jasho likimtoka kivulini. Nikimuuliza, alinijibu, "Si kitu, mwanangu, nimekula vibaya tu." Naye kula kwenyewe alikuwa hali. Baba alimwambia waende hospitali, akasema tumbaku kwanza, soko limekaribia. Bibi akatuonyesha mama kwa kidole, kwa mapenzi kabisa, "Mnamwona? Anaumwa, na mikono haisimami." Sote tukamtazama kwa fahari. Mama akatabasamu, akaikaza kanga.

Tumbaku ilipouzwa ndipo akapelekwa. Daktari akamwambia baba kwamba uvimbe umeshasambaa, wangewahi kidogo labda kungekuwa na la kufanya. Akarudishwa nyumbani, akafa bila hata chumba cha pili kumsikia.

Sasa kwetu mtani hakosi msibani. Sisi Wanyamwezi tumetaniana na Wagogo tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo wakienda pwani, na siku ya mazishi mtani husema analotaka, wala hakasirikiwi. Mtani wetu alikuwa Mama Chilewa, Mgogo aliyeolewa kijijini. Jeneza lilipotaka kutoka, akaruka akaziba mlango. Akajifunga kanga tumboni, akaikaza, akachuchumaa na kuanza kuchambua majani yasiyokuwepo huku akigugumia, "Si kitu, wanangu! Nimekula vibaya tu!"

Ungesema ni mama mwenyewe. Watu wakaangua kicheko, hata baba akacheka huku machozi yanamtiririka. Mama Chilewa akasimama, akamgeukia bibi.

"Mvumilivu hula mbivu, siyo? Mbona huyu wenu kaliwa yeye? Mmemsifia, mmemsifia, mpaka akaona haya kusema anaumwa!"

Kicheko kikakatika. Bibi akainamisha uso. Mimi nilipandwa na hasira, nikamrukia yule mama na kumng'ata mkono kwa nguvu zangu zote. Watu wakataka kunivuta, akawazuia.

"Mwacheni. Ng'ata, mwanangu. Angalau wewe ukiumia unaonekana."

Nilimchukia miaka mingi, nikiamini kwamba alimdhihaki mama mbele ya jeneza lake. Nilikuja kuelewa nilipokuwa na nyumba yangu: pale msibani palijaa watu waliompenda mama, na ni mmoja tu aliyemlilia kwa kosa tulilomfanyia. Sisi wengine tulikuwa tunalilia sifa zake. Uvumilivu ni kitu kizuri, sikatai. Lakini nimeona kwamba wanaousifia sana mara nyingi ndio wanaopumzika kwa sababu yake.

Ninaye binti, mpole, hana makuu. Mwezi uliopita jirani alimsifia mbele ya wageni: "Mtoto huyu mvumilivu jamani, hujawahi kumsikia!" Nilitabasamu, nikashukuru. Kisha nikamshika mwanangu mkono, nikampeleka chumbani, nikafunga mlango.

"Niambie," nikamwambia, "unaumwa wapi?"

Akaanza kulia.